Sukari ya Mdudu wa Tochi

Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka hunipeleka Wusi, kijijini kwa kina Mama, mlimani, na nikisema hivyo watu hunicheka, maana Wusi hakuna anayeyeyusha risasi. Kuna ndizi, kuna parachichi, kuna ukungu unaoingia mpaka ndani ya sufuria. Lakini ile dawa iliyomo ndani ya waya wa risasi hutengenezwa kwa utomvu wa misonobari, na nyuma ya nyumba ya Nyanya yangu, kule juu, ipo misonobari mingi tu. Basi kila nikigusisha chuma cha moto kwenye waya, moshi mwembamba unapanda, na chumba changu hapa Voi, bati likilia kwa joto, kinanuka mlima wa Nyanya. Mimi ni mtu mzima, nina kazi ya ofisini na kitambulisho shingoni, na Jumamosi zangu nazimalizia kwenye kufungua tochi na kuziandikia programu upya. Majirani wameshanikatia tamaa. "Wee, tochi si ni kubonyeza tu? Unaandika nini huko ndani?" Nawaambia naandika barua.

Leo tochi iliyo mezani ni ya Nyanya mwenyewe. Imeteremshwa jana kutoka Wundanyi, mji ulio jirani na Wusi, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, imefungwa kwa kipande cha leso, na kwa simu akanipa maneno mawili tu: "Imechoka. Iangalie." Bado sijaifungua. Nimeishika, nimeinusa, nikajikuta niko darasa la tatu tena.

Wakati ule Mjomba Mwadime aliishi nasi hapa Voi, kwenye kile chumba cha nyuma. Ni mdogo wake Mama, kitindamimba wa Nyanya, na alikuwa mtunza maabara katika shule moja ya sekondari. Siku za kazi aliosha chupa za kemia na kuhesabu viwashio. Jumamosi alivua viatu, akafunga mlango nusu, akatandaza tochi zake juu ya gazeti. Sijui aliambukizwa wapi ugonjwa huo. Alikuwa na laptopu ambayo vitufe vyake viwili vilikuwa vimeng'oka, akivibonyeza kwa ncha ya kalamu, na kwenye laptopu hiyo aliongea na watu wa nchi za mbali ambao nao, haki ya Mungu, walikuwa na wazimu huohuo wa tochi.

Shida ilianzia kwenye tochi tuliyompelekea Nyanya sisi wenyewe. Mama aliinunua sokoni, ya chuma, nzuri, ya kuchaji, akaipeleka juu kwa mbwembwe. Ubaya wa tochi zile, na ukienda sokoni leo utazikuta bado, ni kwamba zina akili nyingi kuliko mwenye nazo. Ukibonyeza inawaka kali. Ukibonyeza tena inawaka hafifu. Ukibonyeza tena inaanza kupepesa kama inapigana na mtu. Nani aliomba tochi ya kupepesa? Sijapata kumwona. Nyanya alikamua ng'ombe alfajiri, kabla mwenye pikipiki ya maziwa hajapita, na zizini hakuna stima. Asubuhi moja vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi, akabonyeza mara nyingi kuliko alivyokusudia, tochi ikapepesa mbele ya macho ya ng'ombe. Ng'ombe akaruka. Ndoo ikaenda huku, kigoda kule, Nyanya akaangukia mkono.

Ng'ombe yule aliitwa Madamu, kwa sababu alitembea kama mwalimu mkuu anayekagua kucha. Sikumwogopa mtu yeyote Wusi ila yeye.

Mama alipanda mlimani siku hiyohiyo, akarudi kesho yake na ile tochi, uso umemkaza. "Mama yangu hatafia zizini kwa ajili ya lita tano za maziwa," akasema kabla hajaweka mkoba chini. "Ng'ombe anauzwa. Mama anashuka anakuja kukaa hapa."

Mnaweza kuona jambo hilo ni la heri, Nyanya kukaa na wajukuu. Mimi niliona kaburi. Nyanya alishawahi kukaa kwetu wiki moja, akashinda barazani akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, vumbi jekundu limemkaa kwenye nyusi, akisema, "Hapa hewa imepikwa." Kila asubuhi aliuliza kama Madamu amekula, na hakuna aliyejua. Na likizo zangu zote zilikuwa Wusi: kimanga cha moto, mihogo na maharage, kikipondwa kwenye chungu, maji ya mfereji yanayouma meno, blanketi tatu, Nyanya akinisuka nywele huku akiwasema majirani mmoja baada ya mwingine. Nyanya akishuka, hayo yote yanauzwa pamoja na ng'ombe. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka pua ikaziba.

Mjomba akamkabili dada yake jikoni. "Dada, miguu ya Mama haina shida. Shida ni tochi."

"Basi mnunulie nyingine."

"Zote zinapepesa. Nitaitoa akili hiyo nimwekee nyingine."

"Wewe na hayo madude yako!"

"Nipe mpaka shule zifungwe."

Mama alimtazama vile dada wakubwa wanavyotazama. "Sawa. Shule zikifungwa tunapanda sote. Nitasimama pale zizini nione kwa macho yangu mawili. Ikipepesa hata mara moja, Mwadime, mara moja tu, ng'ombe anauzwa siku hiyo."

Zikapita wiki tukingoja bahasha kutoka ng'ambo. Ilipofika posta nilitegemea kitu kikubwa. Mjomba akamimina mezani vibati vitano vya duara, kila kimoja ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Kibati hicho ndicho kinachokaa shingoni mwa tochi kati ya betri na taa, wenyewe wanakiita draiva, na ndicho kinachoamua taa iwakeje. Katikati ya kila kibati kulikuwa na kitu cheusi kidogo, mraba, chenye miguu. Nikaihesabu. Minne huku, minne huku.

"Mjomba, kuna mdudu!"

"Ndiyo," akasema bila kuinua kichwa. "Huyo ndiye anayefikiri."

Hapo ndipo nilipopotea, na siwezi kujilaumu. Mtu mzima amekuambia, mchana kweupe, kwamba kuna mdudu wa miguu minane na anafikiri. Ningejuaje?

Mjomba hakuona vizuri vitu vya karibu na miwani aliionea haya, kwa hiyo kazi ya kutafuta nukta ikawa yangu. Juu ya mgongo wa kile cheusi, pembeni, pana kishimo kidogo sana kinachoonyesha mguu wa kwanza ni upi. Kuna kibanio maalumu chenye meno manane kinachoshika ile miguu yote kwa pamoja, kikiwa na nyaya zinazoingia kwenye laptopu, na waya mwekundu lazima ukae upande wa nukta. Ukigeuza, umeua. Mimi sikuita nukta. Niliita jicho. "Jicho liko huku, Mjomba," nasema, pua yangu inakaribia kugusa kibati, naye anabana taratibu kama anayemvisha mtoto kiatu.

"Amelala?" nikauliza.

"Nani? Aa, huyu. Amelala. Hajaambiwa afanye nini."

"Anakula?"

"Anakula ninachomlisha."

Akabonyeza kwa ncha ya kalamu ili programu iingie. Herufi zikashuka kwenye kioo mbio mbio, zikasimama. Mjomba akasonya. "Amekataa." Tukabana upya. Amekataa tena. Jasho lilimtoka Mjomba mpaka likadondokea gazeti. Mara ya tatu, au ya nne, herufi zikateremka, zikateremka, mstari ukajaa mpaka mwisho, na Mjomba akaruka kwenye kiti. "Amekula! Amekula yote!" Tukashikana mikono tukacheza, chai ikamwagika juu ya laptopu na bado tukacheza. Mama akachungulia mlangoni, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kibati kikaingia shingoni mwa tochi ya Nyanya, tukaijaribu chini ya meza, blanketi limening'inia pande zote. Mjomba, mrefu alivyo, amejikunja magoti yamegusa masikio. Akabonyeza, mwanga ukaja hafifu, wa upole, unatosha kuona mikono tu. Akagusa kitufe nusu, ukawa mkali mpaka nikafumba macho. Akagusa tena, ukarudi upole. Basi. Hakuna kingine ndani. "Hata akibonyeza mara mia," akasema, "akili ya kupepesa haimo. Nimeifuta kabisa. Na betri ikikaribia kuisha inafifia polepole, haimwachi gizani ghafla." Nilimwona Mjomba wangu mkubwa kuliko mwalimu mkuu, kuliko chifu, kuliko mtu yeyote.

Lakini mimi nilibaki na wasiwasi wangu. Mdudu alishakula mara moja, Voi, kwenye joto. Sasa anapelekwa Wusi kwenye baridi, na huko hakuna laptopu. Nani atamlisha? Watu wazima hawafikirii mambo kama hayo. Kwa hiyo jioni ya kabla ya safari, Mama akifunga mizigo, nikaingia jikoni nikachota sukari. Kufungua tochi nilijua, nilishamwona Mjomba mara nyingi: unazungusha kichwa kwenda kushoto. Nikamwaga kidogo pale kwenye springi. Nikafikiria ile baridi, nikaongeza. Nikafunga, ikalia kwaruu, kwaruu. Nikalala na moyo mweupe kabisa.

Kesho yake tukapanda, tukalala kwa Nyanya, na alfajiri iliyofuata tuliamshwa kukiwa bado giza. Tukasimama foleni kwenye njia ya zizini: Nyanya mbele na ndoo, Mjomba na tochi, Mama amejifunga shuka mikono kifuani, mimi nyuma natetemeka kwa baridi na furaha.

Nyanya akaigeuza tochi mkononi. "Si hii hii iliniangusha?"

"Mwili ni ule ule, Mama. Akili nimeiwekea nyingine."

"Kumbe inawezekana," Nyanya akasema. "Ngoja nikuletee majirani wawili."

Akabonyeza. Ukaja ule mwanga wa upole, ukungu ukang'aa kidogo, na nikaona kisigino cha Nyanya kikikanyaga mawe moja baada ya lingine bila haraka. Mjomba akanifinya bega. Tukafika zizini. Madamu akageuza kichwa. Nyanya akainama kuweka kigoda, na tochi ikapepesa.

Ikapepesa, ikazima, ikawaka, ikapepesa. Madamu akarudi nyuma, kwato zikagonga mbao.

"Mwadime," Mama akasema. Jina tu.

Mjomba akainyakua, akaitikisa, ikazidi. "Haiwezekani! Nimeitoa, Dada. Haimo ndani, nakuapia haimo."

"Mimi naiona imo."

"Labda..."

"Tulipatana. Ng'ombe anauzwa leo. Nimechoka kulala nikiwaza simu itakayopigwa asubuhi." Na sauti yake ikakatika hapo mwisho, na ndipo nilipojua kwamba Mama hakuwa amekasirika hata siku moja. Alikuwa anaogopa.

Nyanya hakubishana. Alimshika Madamu sikio, akaanza kulisugua kwa kidole gumba, akimwambia maneno kwa Kidawida, lugha ya huko mlimani, ya chini sana. Mjomba naye ameinamisha kichwa, tochi inapepesa mkononi mwake, na uso wake unaonekana na kupotea. Sikuweza kuvumilia. Nikapasua kilio.

"Msimuuze! Si makosa ya Mjomba! Amevimbiwa!"

Wote wakanigeukia. "Nani amevimbiwa?" Mama akauliza.

"Mdudu! Nilimpa sukari nyingi!"

Hata Madamu alisimama. Mjomba akanitazama, akaitazama tochi, akauliza polepole, "Ulimpa... ulimwaga sukari humu ndani?"

"Ulisema anakula! Na huku ni baridi!"

Mama akamulika kwa simu yake. Mjomba akazungusha kichwa cha tochi, kwaruu, kwaruu, na kabla hajamaliza wakaanza kutoka. Sisimizi. Wadogo, weusi, mmoja, watano, jeshi zima, wakamtambalia kiganja mpaka kwenye mkono wa sweta. Usiku ule tochi ilikaa dirishani kwa Nyanya, sukari ikalowa kwa unyevu wa Wusi, na sisimizi wa nyumba ile wakaalikana.

"Jamani," nikasema, machozi yamekauka papo hapo, "kumbe amezaa!"

Nyanya ndiye aliyeanza. Alikaa kwenye kigoda, akaweka ndoo kichwa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwadime, uliposema ina akili nilidhani unanidanganya! Kumbe kweli iko na wadudu!" Mjomba akafuata, anakung'uta mkono anarukaruka kwa mguu mmoja. Mama alijikaza. Niliona mdomo wake unatetemeka, akageuza uso, akajifunika shuka, na ile shuka ikaanza kutikisika. Siku ile ndiyo nilijifunza kwamba Mama yangu akicheka sana hatoi sauti.

Maji ya moto ya kuosha matiti ya ng'ombe yalikuwepo. Mjomba akafuta shingo ya tochi kwa ncha ya leso, akasugua kila kona, akaikausha mbele ya moto jikoni, na wakati inakauka akanieleza kwamba sukari ilizuia chuma kugusana na chuma, kwa hiyo umeme ulikuwa unaingia na kutoka. Hakukuwa na mdudu. Sikumwamini hata kidogo. Sisimizi niliwaona kwa macho yangu.

Nje kulianza kuwa kijivu lakini zizini bado giza. Nyanya akachukua tochi, akasema, "Sasa mimi naenda peke yangu. Mtu asinifuate." Tukasimama mlangoni, Mama ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka unauma. Tuliona ule mwanga mdogo ukishuka njia, umetulia, ukaingia zizini, ukakaa. Halafu tukasikia maziwa yakipiga chini ya ndoo, chwa, chwa, na kadiri ndoo ilivyojaa mlio ukawa mzito. Nyanya akapanda na ndoo imejaa, tochi kwapani, akampita Mama bila kumtazama.

"Imekaa kimya," akasema.

Mama akavuta pumzi. "Basi tuone mpaka Krismasi."

Krismasi hiyo ilipita na hakuna aliyeikumbusha, na nyingine, na nyingine. Madamu alizeeka kwa heshima zake zote, akamwachia zizi binti yake, sasa yuko mjukuu, na huyo naye ana kiburi kilekile. Mjomba yuko Mombasa, amekubali miwani. Alipoondoka aliniachia kile kibanio cha meno manane, na kila nikimaliza tochi namtumia picha, ananijibu neno moja: "Amekula?"

Haya, nimeandika yote hayo tochi ikinitazama. Ngoja niifungue.

Kichwa kimekaza. Nazungusha kushoto, na kabla hata sijaona ndani, masikio yangu yameshajua. Kwaruu, kwaruu. Naigeuza juu ya gazeti na inamwagika sukari, nyeupe, kavu, ya juzijuzi, kijiko kizima. Springi imeshika kutu, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaichosha tochi. Nimecheka peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikapiga simu Wusi.

"Nyanya, umeweka nini ndani ya tochi?"

"Si sukari."

"Nyanya!"

"Ilianza kufifia. Nikasema huyu mdudu amezeeka kama mimi, labda ana njaa. Kwani si wewe ulisema?"

"Nyanya, nilikuwa darasa la tatu!"

"Na mimi nilikuwa mtu mzima na macho yangu mazuri," akasema. "Mjomba wako alifanya mambo yake yote ya kompyuta, na mama yako bado alitaka kuuza ng'ombe. Wewe ukampa mdudu sukari, mama yako akacheka. Mpaka leo niko nyumbani kwangu. Sasa niambie nani alitengeneza tochi?"

Nikawa nafuta zile punje za sukari kwenye gazeti kwa kidole, moja moja.

"Uko hapo?"

"Niko, Nyanya."

"Basi ilete Jumamosi ijayo, wewe mwenyewe, usimpe mtu. Na ubebe sukari kilo mbili. Moja ni ya chai."